Mtambo wa kulainisha maji ya kisima ujioshe kila baada ya siku ngapi?

Mama Riat, Kisumu

Wenzangu, naomba ushauri juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa sasa. Nyumba yetu iko Riat, juu ya mji wa Kisumu, na maji tunayotumia ni ya kisima tulichochimbiwa uani. Kwa macho ni maji safi kabisa, lakini ni magumu: sabuni ya mche haitoi povu mpaka uisugue sana, birika lilikuwa likijenga ukoko mweupe ndani ya wiki mbili, na hita ya bafuni iliungua mara mbili kabla hatujaelewa chanzo chake. Tulipopeleka sampuli maabara tuliandikiwa ugumu wa miligramu 280 kwa lita, na chuma kidogo kiasi cha kutohesabika. Ndipo tukanunua mtambo wa kulainisha maji, ule ambao mafundi wa huku huuita softena. Una lita 25 za rezini, yaani zile punje ndogo zinazolainisha maji, tangi la chumvi kando yake, na kichwa chenye saa na gurudumu la vipini kumi na viwili, kila kipini kikiwakilisha siku moja.

Fundi aliyeufunga alivitoa nje vipini vyote, yaani mtambo ujioshe kwa chumvi kila siku saa nane usiku. Kila unapojiosha hutumia takribani kilo nne za chumvi, hivyo mfuko wa kilo 25 haumalizi wiki. Nilipomuuliza kama ni lazima iwe hivyo alinijibu kwamba maji yetu ni magumu sana na kwamba nikipunguza nitaua rezini. Pia, umeme ukikatika kwa saa chache, mtambo hujiosha asubuhi wakati watoto wanaoga kwenda shule, na maji yanayotoka wakati huo ni yale yale magumu.

Tuko watu sita. Nimesoma mita iliyo kwenye bomba la kuingilia nyumbani kwa siku kumi na nimeona kwamba tunatumia wastani wa lita 720 kwa siku. Ninaomba kujua mambo mawili: mtambo kama huu ujioshe kila baada ya muda gani, na kama ni kweli kwamba kupunguza kutaharibu rezini. Jambo jingine ni la mama mkwe wangu, ambaye ana shinikizo la damu na anaishi nasi. Je, maji yaliyopita kwenye mtambo wenye chumvi yanamfaa kunywa?

Mkulima wa Lurambi, Kakamega

Mama Riat, hujambo. Mimi ninao mtambo mdogo zaidi ya huo, wenye lita 15 za rezini, na huu ni mwaka wa tano nauendesha kwa kuuosha mara moja tu kwa wiki, kila Jumapili usiku, nao haujanisumbua. Maji ya kisima changu yana ugumu wa miligramu 150, ila yana chuma, na kabla ya mtambo shuka nyeupe zilikuwa zikigeuka rangi ya kutu. Tunaishi wawili, mimi na mke wangu, kwa kuwa watoto wameshaondoka nyumbani. Kwa maoni yangu, kila siku ni kupita kiasi. Jaribu mara moja kwa wiki.

Fundi wa Mitambo ya Maji, Kisumu

Mama Riat, umefanya jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi, yaani umeleta ugumu wa maji uliopimwa, ujazo wa rezini na kiasi cha maji mnachotumia. Kwa namba hizo tatu swali lako linajibika kwa hesabu, na mtu hahitaji kukisia. Ninaomba radhi kwa urefu wa maelezo yangu, lakini nimeona nyumba nyingi zikiharibikiwa kwa sababu kila mmoja alinakili mpangilio wa jirani.

Ndani ya lile tangi refu kuna punje ndogo za rezini zilizobeba sodiamu. Maji magumu yanapopita, punje hizo hushika kalisiamu na magnesiamu, ambazo ndizo zinazoleta ukoko na kuzuia povu, na kuachia sodiamu badala yake. Punje zikishajaa haziwezi kushika zaidi, na maji huanza kupita yakiwa magumu vile vile. Kujiosha ni kupitisha maji ya chumvi nyingi juu ya punje hizo ili sodiamu iliyojaa humo iing'oe kalisiamu na kuisukuma kwenye bomba la maji taka. Kwa hiyo wakati wa kuosha hutegemea punje zimeshika kiasi gani, na kalenda haijui lolote kuhusu hilo.

Sasa tuje kwako. Lita 720 kwa siku, kila lita ikiwa na miligramu 280, ni takribani gramu 202 za ugumu zinazoingia kwenye rezini kila siku. Lita moja ya rezini ya kawaida ya majumbani, ikioshwa kwa gramu 100 hivi za chumvi, hushika karibu gramu 45 za ugumu kabla ya kujaa. Lita zako 25 basi zinashika gramu 1,125. Ukigawa kwa 202 unapata siku tano na nusu. Mtu hasubiri mpaka ukomo, kwa maana wageni huja na siku ya kufua nguo nyingi huja, hivyo ningekupangia siku nne. Ndani ya siku nne utakuwa umetumia gramu 808, na utabaki na akiba ya siku moja na nusu. Gurudumu lako la siku kumi na mbili linakubali mpango huo bila shida: toa nje vipini vitatu tu, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa siku nne, na virudishe ndani vile vingine tisa.

Kipimo cha chumvi nacho ni muhimu kama idadi ya siku, na hapa ndipo pesa zako zinapopotelea. Ukiosha rezini kwa gramu 240 za chumvi kwa lita badala ya 100, unaongeza chumvi karibu mara mbili na nusu, lakini uwezo wa rezini unapanda kutoka gramu 45 hadi gramu 69 tu. Chumvi ya mwanzo hufanya kazi kubwa, na ile ya mwisho sehemu yake kubwa huenda kwenye bomba la taka. Wewe unatumia kilo nne, ambazo ni gramu 160 kwa lita, na unafanya hivyo kila usiku juu ya rezini ambayo haijatumika hata kwa robo ya uwezo wake. Punguza hadi kilo mbili na nusu. Katika kichwa cha aina yako chumvi haipimwi kwa mizani. Inapimwa kwa maji yanayorudishwa kwenye tangi la chumvi, kwa kuwa lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 360 za chumvi na haiwezi kuyeyusha zaidi. Kwa kilo mbili na nusu unahitaji lita saba za maji, wakati sasa bila shaka zinaingia kama kumi na moja. Mwambie fundi apunguze dakika za kujaza tangi la chumvi. Kwa sasa unamaliza kilo 120 kwa mwezi. Kwa mpango huu utatumia kilo 19 hivi.

Kuhusu hofu ya kuua rezini, ninaelewa ilikotoka, ila si sahihi kwa maji yako. Rezini nzuri hudumu miaka kumi na zaidi, na vitu vinavyoifupishia maisha ni klorini nyingi, chuma na matope. Kwenye maji yasiyo na chuma, kujiosha kila baada ya siku tatu hadi saba ni kawaida kabisa. Kuchelewa sana ndiko kuna madhara yake: rezini inayokaa bila kuoshwa kwa wiki mbili hushikamana, maji hujichimbia njia moja katikati yake badala ya kupita kote, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Kwa hiyo hata familia ikisafiri Desemba kwenda kwa wazee, na hakuna anayefungua bomba, mtambo uoshwe siku mnayorudi kabla hamjaanza kuyatumia maji.

Mzee wa Lurambi, sikusahihishi kwa kukudharau, kwa sababu mpango wako ni mzuri kwa nyumba yako. Wawili mnaotumia tuseme lita 250 za maji ya miligramu 150 mnaingiza chini ya gramu 40 kwa siku, na rezini yako ingeweza kukaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kujaa. Sababu inayokufaa kuosha kila wiki ni chuma. Chuma hujishika kwenye punje kwa ukaidi kuliko kalisiamu, na kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu kung'oka. Sisi mafundi huhesabu kila miligramu moja ya chuma kwa lita kama miligramu 70 hadi 85 za ugumu, na bado tunaosha mapema. Lakini Mama Riat akiiga Jumapili yako, siku ya sita na ya saba watakuwa wanaoga maji magumu.

Kuhusu saa, vichwa vya aina hiyo vina mota ndogo ya umeme inayozungusha saa, na umeme ukikatika saa tano, saa nayo inabaki nyuma saa tano. Saa nane usiku ya mtambo inakuwa saa moja asubuhi ya kwenu. Wakati wa kujiosha, ambao huchukua kama saa moja na nusu, kichwa huruhusu maji ya kisima yapite moja kwa moja hadi bombani ili nyumba isikose maji, na ndiyo maana watoto walipata maji magumu. Kila baada ya umeme kukatika, rekebisha saa kwa mkono. Uwezo ukipatikana, badilisha kichwa uchukue kile kinachohesabu lita zilizopita na chenye betri ndogo ya kutunza saa. Hicho huamua chenyewe usiku wa kuosha kulingana na maji mliyotumia.

Nikuombe kitu kimoja zaidi. Usiku mmoja kaa kando ya mtambo unapojiosha, uangalie kama maji ndani ya tangi la chumvi yanashuka. Nyumba nyingi za huku hutegemea tangi lililo juu ya mnara, na mita sita za mnara hutoa presha iliyo chini ya nusu ya ile ambayo mitambo mingi huhitaji kuvuta chumvi vizuri. Nimekuta mitambo inayojiosha kila usiku kwa miezi bila kuvuta hata tone la maji ya chumvi, na mwenye nyumba akidhani rezini imekufa. Ikiwa maji hayashuki, tatizo ni presha, na suluhisho ni pampu ndogo.

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Ninaunga mkono hesabu za fundi. Ninaongezea kuhusu mama mkwe, halafu kuhusu watu wa huku kwetu wanaosoma mjadala huu.

Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha takribani miligramu 46 za sodiamu ndani ya lita moja ya maji. Kwa ugumu wa 280 ni kama miligramu 129 za sodiamu kwa lita. Mtu akinywa lita mbili kwa siku anapata miligramu 258. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku kutoka kwenye vyakula na vinywaji vyote, kwa hiyo maji peke yake yangechukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho. Kwa mtu mwenye afya si jambo la kutisha. Kwa mama aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi mezani, sioni sababu ya kumwongezea kwa njia ya maji, hasa kwa kuwa ni rahisi kuepuka: toa bomba moja la jikoni kabla ya mtambo, likaletea maji ya kisima yasiyolainishwa kwa kunywa na kupikia. Kalisiamu iliyo ndani yake haina ubaya kwa afya. Kiasi cha sodiamu hakibadiliki kwa kuosha mara chache au mara nyingi, kwa sababu kinatokana na ugumu wa maji yenyewe. Tafadhali mweleze daktari wake pia, na usilime sukuma wiki kwa maji yaliyolainishwa, maana sodiamu huharibu udongo taratibu, hasa wa mfinyanzi.

Naomba pia msisahau kwamba mtambo huu hauui vijidudu. Maji ya bomba hilo la jikoni bado yachemshwe au yatiwe dawa kama kawaida.

Kwa wenzangu wa Nakuru, Bahati, Njoro na Gilgil, nina neno ambalo linaniuma kila ninapoona mzazi ametumia akiba yake vibaya. Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa hayana tatizo la ugumu. Mengi ni laini, yana sodiamu nyingi na kalisiamu kidogo, na tatizo lake ni floridi, ambayo ndiyo inayoweka madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu. Mambo haya mawili yanahusiana: kalisiamu ikiwa nyingi majini hushikana na floridi na kuifanya itulie mwambani, na pale kalisiamu inapokosekana floridi hubaki ikiogelea ndani ya maji. Softena haiwezi kuiondoa. Rezini yake hushika chembe zenye chaji chanya kama kalisiamu, na floridi ina chaji hasi, hivyo hupita bila kuguswa hata mtambo ukioshwa mara tatu kwa siku. Kuchemsha nako hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke floridi huzidi kukolea. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa, ambao mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umeutumia kwa miaka mingi kutengeneza vichujio vya majumbani na vya jumuiya. Kabla ya kununua mtambo wowote, pima ugumu na floridi pamoja. Ikiwa floridi inazidi miligramu 1.5 kwa lita, shughulikia hiyo kwanza, hasa ukiwa na watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Mama Riat, Kisumu

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilitaka nirudi na majibu. Tulikesha kando ya mtambo kama fundi alivyoagiza, na maji ya chumvi yalishuka vizuri, kwa kuwa tuna pampu. Vipini vitatu ndivyo vilivyobaki nje, na dakika za kujaza zimepunguzwa. Mume wangu amekwisha kutoa bomba la mama jikoni, na mama mwenyewe amesema chai imerudia ladha yake ya zamani.

Nina swali la mwisho. Jirani yangu ananishauri nitumie magadi badala ya chumvi kwenye tangi, kwa kuwa nayo ina sodiamu, na mwingine anatumia chumvi ya ng'ombe. Je, inafaa?

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Usitie magadi hata kijiko kimoja. Ni kweli ina sodiamu, lakini sodiamu hiyo imeshikana na kaboneti, na kaboneti ikikutana na kalisiamu iliyo kwenye rezini hufanya chokaa, ile ile iliyokuwa ikiganda kwenye birika lako. Ungekuwa unajenga ukoko ndani ya rezini yenyewe, na ukoko huo hautoki kwa kuosha. Chumvi ya ng'ombe nayo huongezwa madini mengine, mara nyingi kalisiamu na fosfeti, ambayo ni mema kwa mfugo na mabaya kwa mtambo.

Fundi wa Mitambo ya Maji, Kisumu

Chumvi ya mawe iliyo safi, yenye punje kubwa, ndiyo bora. Ile laini ya mezani hufanya kazi, lakini huganda juu ya tangi kama dari na kuacha uwazi chini yake, ukaona tangi limejaa kumbe maji hayagusi chumvi. Ukiitumia, ichokoe kwa mti kila wiki. Na ningependa upime maji ya bombani usiku wa nne, kabla tu ya mtambo kuanza kujiosha, kwa ile dawa ya matone ya kupimia ugumu. Maji magumu hugeuka mekundu na huhitaji matone mengi ndipo yawe ya samawati. Yaliyo laini huwa samawati tangu tone la kwanza.

Mama Riat, Kisumu

Nilinunua dawa hiyo jana mjini, na kwa bahati ilikuwa usiku wa nne. Nilipima saa tatu usiku, baada ya watu wote kuoga na nguo za wiki nzima kufuliwa, na tukawa tumetumia lita 2,960 tangu mtambo ulipojiosha mara ya mwisho. Maji yalikuwa ya samawati kwa tone la kwanza. Nikapima ya bomba la mama, yakahitaji matone kumi na sita.